Kabati la Nane

Mimi hasira ninazo, sikatai. Mama aliyenizaa pale Majengo ya Nyeri alikuwa akisema nilitoka tumboni nimekunja ngumi. Kwa hiyo nikikwambia kuna mtu mmoja ambaye nikimtaja ulimi wangu unalainika, ujue si jambo dogo. Mtu huyo ni Mathenge wa Chaka, fundi wa kuchomelea vyuma. Namwombea dua kila nikitandika mswala, ingawa yeye ni mzee wa kanisa na akisikia atacheka mpaka akohoe.

Mume wangu, marehemu Abdulkadir, alikuwa fundi wa bati soko la Chaka, kando ya barabara ya Nanyuki. Alitengeneza koroboi, majiko, na yale masanduku ya bati ya watoto wa bweni. Aliponioa nilikaa ubavuni mwake nikimshikia bati. Baadaye nikawa namkatia. Baadaye tena nikawa nakunja mwenyewe, yeye amekaa anakunywa chai na kunisahihisha kwa kidole. Mungu alipomchukua nilikuwa naweza kutoa sanduku zima, tangu bati ikiwa bapa mpaka kifuniko kinafunga, bila kumuuliza mtu. Nikamaliza eda, nikafungua kibanda, nikashika nyundo ya mti nikaendelea.

Sasa sikia maneno ya watu. "Maskini Subira, anamalizia kuuza alivyoacha marehemu." Mwaka ukaisha, wa pili ukaingia, wimbo ni ule ule. Niko pale jasho linanitoka, nyundo mkononi, mtu anakuja ananiuliza, "Hili sanduku, marehemu alikuwa akiuza vipi?" Ebo! Marehemu alikuwa mtu au kiwanda? Alinifichia masanduku ya miaka miwili chini ya kitanda?

Ningeyapuuza, maana kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Lakini kulikuwa na kamati ya soko. Kanuni yao ilikuwa kwamba kibanda cha fundi ni cha fundi, na fundi akifa bila mtu wa kushika kazi yake, kibanda kinarudi kwa kamati. Mwenyekiti alikuwa Mzee Wamae, mtu wa koti na fimbo, na alikuwa na mpwa aliyetaka kufungua duka la santuri. Siku moja akaja akasimama mlangoni pangu.

"Mama Waridi," akasema, "hiki kibanda ni ya fundi. Fundi alikufa. Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye fundi."

"Haya, nionyeshe kazi yako."

Nikamtolea sanduku nililolimaliza asubuhi ile ile, bado lina joto la risasi ya kulehemu. Akaligeuza, akaligonga, akaangalia pembe zake. "Hii ni kazi ya Abdulkadir," akasema. "Hata nikiwa kipofu naijua."

Ningesema nini? Kazi alinifundisha Abdulkadir. Kama isingefanana na yake ningekuwa mwanafunzi gani? Nikabishana mpaka sauti ikakauka, naye akanipa muda mpaka shule zitakapofunga mwisho wa mwaka, kisha nitoke. Kibanda kile ndicho kilichonilisha mimi na binti yangu Waridi. Nikikikosa, nirudi Majengo kwa kaka yangu, nikapike kwa watu na kushukuru kwa makombo. Usiku ule nililia, lakini asubuhi nilifungua mapema kuliko wote.

Karakana ya Mathenge ilikuwa nyuma ya kibanda changu, tumetenganishwa na ukuta wa mabati tu, kwa hiyo alisikia kila neno. Akaja ameinua miwani yake ya kuchomelea kwenye paji la uso, uso mzima una masizi isipokuwa pale penye macho.

"Mama Waridi, naweza kuongea na Wamae. Mimi na yeye tuko kanisa moja."

"Sijakuomba uwe wakili wangu, Mzee Mathenge."

"Ni kuongea tu."

"Nikitaka kuombewa nitakwenda msikitini!"

Akanitazama, akashusha miwani, akarudi kwake. Ndivyo nilivyokuwa. Hata akina mama wa soko waliponiletea unga, niliwarudishia na mfuko wao. Msaada ulikuwa unaniwasha mwilini kama upupu, kwa sababu kila aliyenisaidia alikuwa kwanza ananiita maskini.

Mathenge mwenyewe alikuwa mtu wa Tetu. Wiki nzima alilala pale karakana, Jumamosi jioni akaenda nyumbani kwa mkewe Watiri, kwenye ng'ombe wao na michai yao. Watiri alikuja siku za soko na maziwa, safari hii amefuatana na mtoto huyu, safari nyingine na yule. Siku moja nilimuuliza hivi ana watoto wangapi. Akanishika mdomo! "Wacha! Watoto hawahesabiwi," akaniambia. "Kwetu hata mbuzi hatuhesabu kwa sauti." Nikamwomba radhi, na sikuuliza tena.

Basi mwaka ule ule kahawa ilipanda bei mpaka watu wakawa wanalala shambani na panga. Muungano wa wakulima wa kahawa pale Nyeri mjini ukaagiza kompyuta. Sisi Chaka neno lenyewe tulikuwa hatujapata kulisikia. Kompyuta ya siku zile haikuwa kitu cha kuweka mezani. Ilikuwa chumba kizima, na mashine zake zilikaa ndani ya makabati ya chuma marefu kuliko mtu, nyaya mgongoni, feni juu za kuzipoza. Mashine zilikuja kwa meli, lakini makabati ilikuwa yatengenezwe huku kwetu, na aliyepewa kazi hiyo ni enjinia kijana kutoka Nairobi, anaitwa Gatimu, ndevu zimechongwa na suruali pana chini inafagia vumbi.

Mara ya kwanza Gatimu aliigawa kazi. Fremu zikachomewa Karatina, milango na mbavu za bati zikakunjwa Nanyuki, nyaya zikaungwa Nyeri. Kila fundi alifanya vizuri kwake. Vilipokutanishwa, mlango ukakataa fremu, tundu za skrubu zikapishana, na feni ikakosa pa kukaa. Karatina wakalaumu Nanyuki, Nanyuki wakalaumu Nyeri. Gatimu akavibeba vyote kwa lori akaja navyo mpaka kwa Mathenge.

"Mzee," akasema, "nimechoka na safari. Nataka chuma kiingie kwa mlango huu kikiwa kibichi, na kabati litoke kwa ule likiwa limevaa kila kitu. Paa moja. Mtu akikosea, mwenzake amwone hapo hapo."

Mathenge akakubali. Akaja Kingori, fundi wa bati mwenye cheti, mtu mpole aliyependa kupiga mluzi. Akaja Ngatia wa umeme. Mathenge akanitaja na mimi, lakini kampuni ya Gatimu ilitaka mafundi wenye vyeti, na cheti mimi sikuwa nacho. Nikapewa kuosha bati kwa mafuta ya taa na kupaka rangi ya kijivu. Niliumia, nakwambia kweli. Bati nilizijua kuliko nilivyojua kupika, na nimeinama naziosha ili mtu mwingine azikunje. Lakini Waridi alihitaji kula, nikakubali.

Hata hivyo, kazi yenyewe ilikuwa tamu kuitazama. Mathenge akichomelea fremu, Kingori anasimama karibu na kipimo, na kama pembe imelala kidogo anapiga kelele kabla chuma hakijapoa, Mathenge anakigonga kinarudi. Ngatia akiona waya hautapita, anamwambia Kingori atoboe pale kabla rangi haijapakwa. Hakuna lawama iliyopanda lori kwenda mji mwingine. Nilijifunza hapo jambo ambalo marehemu hakuwahi kunifundisha, maana sisi tulikuwa wawili tu na kitu chetu kilikuwa kimoja.

Oda ilikuwa makabati saba. La sita lilipokuwa linakauka rangi, Gatimu akaja kukagua. Mathenge akazima mashine, akavua glavu, akakaa juu ya gogo.

"Enjinia, kuna jambo. Hii kazi ni saba."

"Ndiyo, saba."

"Wazee wetu hawakuwa wanasimamisha kazi kwa saba. Wewe ni mtoto ya hapa, unajua. Wachungaji hawakuenda malishoni wakiwa saba. Kazi ya mkono ikiishia saba, iko na mkosi."

Gatimu akacheka. "Mzee, nimesoma ng'ambo miaka mingapi, uniambie habari za mkosi?"

"Mimi sikuambii. Lakini wajumbe wa wakulima wanakuja kuona kabla haijaenda, si ndiyo? Na hiyo mashine tayari wanaiogopa, ati itakula pesa ya kahawa. Wakikuta saba zimejipanga hapa kama askari, utawaambia nini?"

Kicheko kikamwisha Gatimu. Alikuwa na mama yake kule Othaya, na nadhani alimwona mama yake usoni mwa kila mjumbe. "Na kule chumbani je?" akauliza. "Si zitasimama saba?"

"Na ile mashine ya kuchapisha haitasimama nao? Hapo ni nane. Shida iko hapa kwa mkono. Tutengeneze ya nane, ibaki hapa hapa."

"Sina chuma cha nane, wala bati."

"Fremu nitaunga na vipande vimebaki. Bati iko kwa Mama Waridi."

Mimi nilikuwa kwenye kopo la rangi. Niliinuka kama nimeumwa na siafu. Bati zile! Zilikuwa za masanduku ya Januari, ndizo nilizokuwa nazitegemea, nimezilaza chini ya kitanda nikizifunika kwa blanketi ambalo mtoto wangu angeweza kujifunika. "Bati zangu?" nikasema. "Mzee Mathenge, wewe unasimama mbele ya kanisa unasoma Biblia, kisha unaogopa namba? Na uoga wako niulipie mimi?"

"Nakuomba," akasema. Alivua kofia yake akaishika kwa mikono miwili, mzee mzima, mbele ya watu. "Nisaidie, Mama Waridi. Nimekwama."

Hakuna aliyewahi kuniomba kitu tangu Abdulkadir afe. Watu walikuwa wananipa, au wananinyang'anya.

"Chukua," nikasema. "Lakini mimi na wewe hatutaongea tena."

"Tutaongea kidogo," akasema, "kwa sababu mwenye bati ndiye atakunja. Mimi siwezi kuchukua mali ya mjane halafu nimpe mtu mwingine akunje. Hiyo nayo ni mkosi." Kisha akamgeukia Kingori. "Ama ni uongo?"

Kingori akaacha mluzi, akanitazama, akasema, "Mimi zangu saba zinanitosha." Gatimu akatazama saa, akasema mradi saba zake zisichelewe, hilo la nane ni shauri yetu.

Ndani karakana ilikuwa imejaa, ndivyo alivyosema Mathenge, kwa hiyo fremu ya nane ikawekwa nje, mbele ya kibanda changu, pale barabarani. Ilikuwa wiki ya soko. Nikakunja bati zangu mwangani, na vumbi la Chaka, na watu wamenizunguka na vikapu vyao. Nilikuwa nimekasirika vibaya sana, na nyundo yangu ilisikika mpaka upande wa pili wa soko. Kingori alinipa kipimo chake na akaja kuangalia pembe zangu. Alipitisha kiganja, akasema, "Hii ni kazi," akaenda zake. Wee, nilijikaza nisilie.

Ubavu wa kwanza ukakaa. Wa pili ukakaa. Mlango ukaingia kwenye fremu kama mkono kwenye mfuko. Nikafurahi, na furaha ndiyo iliyoniponza, maana mikono ikaendelea yenyewe kama ilivyozoea miaka yote. Nilipokuja kushtuka, kabati la kompyuta lilikuwa na vishikio viwili vya kubebea ubavuni, na mlangoni nimeliwekea tumbuu, kile kishikio cha kupitishia kufuli, kama sanduku la mtoto anayekwenda bweni kidato cha kwanza!

Ngatia aliliona, akakaa chini kabisa kwa kicheko. "Mama Waridi, na jina la mwanafunzi utaandika wapi?" Hata Kingori alicheka. Mimi sikucheka. Nikatafuta patasi niving'oe, lakini kabla sijaipata lori la wajumbe likasimama.

Walishuka wazee wa koti na akina mama wa leso, wakulima wa kahawa wa Nyeri, na miongoni mwao Mzee Wamae, maana alikuwa na shamba la kahawa kule Tetu. Gatimu akawapeleka ndani. Kwa kuwa kila mtu alikuwa kimya, nilisikia yote kupitia ukuta wa mabati.

"Hesabu ya kahawa yetu itakaa ndani ya hii?" akauliza mmoja.

"Ndani ya mashine zitakazokaa humo, ndiyo."

"Na mlango inafungwa na nini?"

"Unabonyeza hapa, unajifunga."

"Na mwizi naye akibonyeza?"

Gatimu akaanza kueleza habari za mlinzi na mlango wa chumba, na sauti yake ikawa inapanda. Walipotoka nje nyuso zao zilikuwa zimefunga kama mvua ya Aprili. Ndipo mama mmoja anaitwa Kabura, mjumbe wa akina mama, akaliona kabati langu. Akalisogelea. Akashika tumbuu, akaizungusha, akatoa kufuli kwenye kikapu chake, ile ya ghala lake mwenyewe, akaipachika. Ikaingia. Akavuta, mlango ukakataa.

"Hii ndiyo kabati!" akasema. "Hii iko na akili. Kwa nini zile zingine ziko uchi?"

Wajumbe wote wakaja kuvuta. Kila mmoja alivuta, na kila mmoja aliposhindwa akatabasamu. Gatimu akajifuta jasho, kisha akaanza kucheka, kicheko kizuri cha mtu aliyeokolewa. "Mama," akaniita, "hii tumbuu unaweza kuweka kwa hizo saba?"

"Leo leo," nikasema.

"Na nani ametengeneza hii?" akauliza Kabura.

Mzee Wamae alikuwa karibu, na kwa mazoea tu akafungua mdomo. "Hii ni kazi ya mare..."

Watu wakamgeukia wakingoja amalize. Lakini angemaliza vipi? Marehemu Abdulkadir alizikwa kabla mtu yeyote mlimani hapa hajaota habari za kabati la kompyuta. Soko zima lilikuwa limeniona siku zote zile nikiligonga, na wengine walikuwa wamelalamika kwa makelele. Wamae akaangalia kabati, akaangalia nyundo mkononi mwangu.

Mathenge akasema kutoka nyuma, taratibu, "Maliza, Mzee. Ni kazi ya nani?"

"Ni ya Mama Waridi," akasema Wamae. Na kwa kuwa Kabura alikuwa hasikii vizuri, ikabidi arudie kwa sauti kubwa. "Ni kazi ya huyu mama! Yeye ndiye fundi!"

Alhamdulillahi. Niliyasikia maneno yale kwa masikio yangu, mbele ya soko. Kamati ilipokaa, kibanda kikaandikwa jina langu, na mpwa wa Wamae akaenda kufungua duka la santuri Karatina, ambako nasikia alifanikiwa, na mimi simwonei kinyongo. Makabati saba yalikwenda Nyeri yakiwa na tumbuu. La nane likabaki mlangoni pangu, kijivu, refu, limesimama linatazama barabara. Watu wa Nairobi waliokuwa wakienda Nanyuki walisimamisha magari kuuliza ni nini. Gatimu naye hakutusahau. Kila alipopata chumba cha kompyuta cha kujenga alituletea, na mara hii hakuna aliyezungumza habari za vyeti. Fremu, bati, nyaya na rangi vikafanywa chini ya paa moja, na tulibomoa ule ukuta wa mabati uliotutenganisha. Kibao cha nje kikasema MATHENGE NA SUBIRA. Waridi akaenda bweni na sanduku nililolitengeneza mimi.

Miaka yote ile nilimtania Mathenge. "Mwoga wa namba," nilimwita. "Mzee wa kanisa anayekimbia saba." Nilimuuliza bati zangu atanilipa lini. Yeye alicheka tu, akashusha miwani. Sikumshukuru. Nilimshukuru Mungu, nilimshukuru Gatimu, nilimshukuru hata Kabura kwa kufuli yake. Yeye niliona ni jirani mwenye ushirikina ulioniangukia vizuri, basi.

Mpaka juzi juzi hapa, macho yake yalipotibiwa. Moto wa kuchomelea ulikuwa umeyaharibu hadi akawa anatembea kwa kushika ukuta. Akapasuliwa, utando ukatolewa, akaona. Jamaa zake wakaita sala ya shukrani nyumbani Tetu, na kwa mara ya kwanza watoto wake wote wakakutana siku moja, maana walikuwa wametawanyika. Wacera, kifungua mimba wao, ameolewa Wang'uru na akaja na gunia la mchele wa Mwea. Mimi nikasema mchele ule haupikwi na mtu mwingine nikiwa hai. Nikafunga kanga kiunoni, nikapika pilau ya watu wa Majengo, sufuria mbili.

Baada ya sala, Watiri akaniambia nipakulie kwanza watoto wa nyumbani, wamekaa peke yao pale chini ya kihenge cha mahindi wanacheka mambo ya utotoni. Nikapakua. Sahani ya Wacera. Ya Mutahi. Za mapacha, mbili. Ya yule mwalimu, ya yule wa posta, ya kitinda mimba. Nikasimama na mwiko hewani. Nikaangalia trei. Nikaangalia tena.

"Watiri," nikasema polepole, "wote hawa ni wako?"

"Wote. Na Mungu hakuchukua hata mmoja, asifiwe."

"Na hakuna mwingine mahali?"

"Mwingine atoke wapi, na mimi nimezeeka?"

Nikaacha mwiko. Nikaenda mpaka alipokaa Mathenge, kwenye kiti chake juani, akitazama mlima kama mtu aliyeletewa mgeni aliyempenda.

"Baba Wacera," nikasema. "Una watoto saba."

"Shhh! Hawahesabiwi."

"Usinishishie mimi. Una watoto saba, na hukuzaa wa nane. Uliishia hapo hapo. Ule mkosi ulikwenda wapi?"

Akanitazama kwa macho yake mapya. Kisha akaanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo, kama mtu aliyekamatwa na yai la jirani mkononi.

"Mimi nilisema wazee hawakupenda," akasema. "Sikusema mimi sipendi."

"Kwa nini?"

"Wamae angeona sanduku, angesema ni ya Abdulkadir. Angeona jiko, ni ya Abdulkadir. Nikafikiri, ni nini Abdulkadir hakuwahi kushika? Halafu hii kazi ya kompyuta ikakuja."

"Ungeniambia!"

"Nilikuambia nitaongea na Wamae, ukaniambia utaenda msikitini." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Wewe hukuwa mtu wa kupewa, Mama Waridi. Nikaona heri nikuombe."

Nikakaa chini kwenye nyasi, na kanga yangu mpya. Nikamwona tena amevua kofia mbele ya watu, mzee wa kanisa, anaitwa mwoga, anaitwa mshirikina, na akakubali kuitwa hivyo na mimi miaka yote, asinijibu. Nililia, na sikuficha. "Ahsante," nikamwambia. "Ahsante, Baba Wacera. Kibanda, na shule ya Waridi, na jina langu, ni wewe. Mungu akupe unachokitaka, na usichokijua akupe." Akanipigapiga bega kwa ule mkono wake mgumu, akasema chakula kinapoa.

Nikarudi kwenye sufuria. Nikapeleka zile sahani saba kwa watoto wake. Kisha nikachukua sinia, si sahani, nikapakua pilau mpaka ikafurika, nikapanga nyama juu, ile ya paja. Nikambebea mwenyewe kwa mikono miwili, nikapiga goti mbele ya kiti chake, mimi Subira, ambaye sikuwahi kumpigia mtu goti.

"Hii ni ya nane," nikamwambia. "Kula, mzee wangu."